Nyuzi Mia na Saba

Saa nane za usiku, Ngamiani, barabara ya kumi na tano.
Umeme umekatika, kompyuta inakula akiba ya betri,
na wenzangu wa ng'ambo wananiuliza mara ya tatu:
"Tukikiondoa kile kipima-pembe tunaokoa kilo tisa.
Una hoja?"

Ninayo. Inaitwa Hiza Sekidia,
mpima ardhi wa mashamba ya mkonge,
Pongwe mpaka Ngomeni, miaka thelathini na mmoja,
baba yangu, ambaye hakuwahi kupanda ndege.

Alikuwa na mnyororo wa chuma, pingili mia,
na Mhina wa kuishika ncha ya pili.
Waliingia shambani umande haujakauka.
Jua likiipita milingoti ya mkonge
baba aliukunja mnyororo, akaufunika kwa gunia.
"Chuma kikipata joto kinajinyoosha
kama mtu aliyeshiba.
Ukigawa ardhi saa sita mchana
utampa huyu shamba la yule,
na mkononi hujaiba kitu."

Chombo chetu hakitakanyaga ardhi.
Kitakaa nyuma ya kisogo cha dunia,
kilomita milioni moja na nusu,
kimelipa jua mgongo, kimejitandia mwavuli,
na kivulini mwake macho mawili
yasiyotazama pamoja:
kati yao nyuzi mia na saba.
Nyuzi hizo zikicheza, hata kwa pumzi ya joto,
kila nyota itahama daftarini
nayo huko iliko haikuinua mguu.

Wataka kujua zicheze kiasi gani?
Chukua uzi mmoja wa katani, mmoja tu,
umpe mtu aushike Kairo.
Wewe simama hapa Tanga
useme unene wake.

Nilipokuwa darasa la pili nilikisimamisha kidole gumba
mbele ya mnara wa saa.
Nikafumba la kulia, nikafumba la kushoto.
Mnara ulitulia, kidole kikaruka.
Nililipwa mshahara wa kwanza kwa mchezo uleule:
jicho moja Januari, jicho jingine Julai.

Bibi yangu alipanda mahindi kwa Kilimia.
*Kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.*
Hakuuliza kiko mbali kiasi gani.
Nilipouliza mimi nikakuta wapimaji wamenuniana:
chombo kimoja kimekisogeza karibu,
wengine wanakirudisha nyuma.
Mgogoro wa mpaka, kama wa Pongwe,
ila huku hakuna baraza la kata.

Nikawasha tochi, nikafungua daftari la baba.
Mwaka sabini na nne, mstari wa kaskazini:
*Kosa la kufunga, inchi mbili na robo.
Sababu haijajulikana. Limeachwa wazi.*
Meneja alimtaka alifute.
Jioni ile baba alirudi akisukuma baiskeli,
posho hakupewa,
mama akakopa unga kwa Mwanaisha wa dukani
na nyumbani hapakusemwa neno.

Basi nikawaambia:
kilo tisa hizo ndizo zinazompima mpimaji.
Zikitoka, tutakuwa na namba nzuri
zisizojua aibu yake.
"Sasa tukate wapi?"
Kimya. Nikasikia chura kwenye mtaro.
"Kateni kinasa cha akiba," nikasema,
kazi yangu mimi, miaka miwili,
michoro mia tatu na kitu.
Mmoja akavuta pumzi aseme jambo
na betri ikafa.

Nikatoka uani. Juu ya bati la jirani
Kilimia kimekaa, kidogo, kimejikusanya
kama wanaopiga soga.
Nikafumba jicho moja.
Nikafumba la pili.
Hakikuruka.

Macho yangu yako karibu mno.